Kukata cheni ya pingili 120 ibaki 116
Umeuliza kama cheni mpya ya pikipiki yako, yenye pingili 120, inaweza kukatwa ibaki 116. Ndiyo, inaweza, mradi namba iliyogongwa ubavuni, kama vile 428, ilingane na ya sproketi zako (magurudumu ya meno yanayoshika cheni), kwa kuwa cheni ya 520 ina milimita 15.875 kati ya pini na pini badala ya 12.7 za cheni ya 428, na haitakaa kwenye meno hayo kamwe. Hesabu pingili za cheni ya zamani moja baada ya nyingine. Usilinganishe urefu tu, kwani iliyochakaa imekwisha kurefuka. Unapounganisha, upande uliozibwa wa klipu, yaani kibanio kidogo kinachofunga pingili ya kuunganishia, uelekee mwendo wa cheni, nami nakusihi ulihakikishe hili, maana klipu iliyogeuzwa huweza kuchomoka safarini. Sproketi zilizochongoka zibadilishwe pamoja na cheni.