Kirai au kishazi? Usihesabu maneno

Mdogo wangu, umesema ulipewa "before the long rains of last year" na "before he left" utaje kipi ni kirai ("phrase") na kipi ni kishazi ("clause"), ukajibu cha kwanza ni kishazi kwa kuwa ni kirefu, ukakosa. Nami nilikosa hivyohivyo kidato cha pili, na nilipoanza kufundisha tuisheni nikakuta wanafunzi wengi wanahesabu maneno.

Urefu hauhusiki. Tafuta kitenzi, kisha mtafute mtenda wake. Kwenye "before he left" yupo "he", na "left" inaonyesha wakati. Hicho ni kishazi. Kile kingine kina maneno saba na hakina kitenzi hata kimoja, basi ni kirai. "Before" ni ileile, ila kwenye kirai ni kihusishi na kwenye kishazi ni kiunganishi.

Naona kinachotuponza ni kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo wote. "Alipoondoka" ni neno moja, lakini ndani yake mna nafsi, wakati na kirejeshi: kishazi tegemezi kamili. Kiingereza hutawanya hayo kwa maneno matatu, "when he left". Ndiyo maana niliwaambia wanafunzi watafsiri kwanza. Kikitoka kitenzi chenye nafsi, mara nyingi ni kishazi.

Nasema mara nyingi kwa sababu ya "-ing". "Sitting under the tree" kwa Kiswahili ni "akiwa ameketi chini ya mti", nafsi imejitokeza, lakini Kiingereza chenyewe hakina mtenda wala wakati. Vitabu vingi vya shule hukiita kirai. Quirk na wenzake, wanaisimu walioandika kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiingereza mwaka 1985, hukiita kishazi. Kwenye mtihani fuata kitabu cha darasani kwenu, ila ujue kwamba anayekiita kishazi hajakosea.

Sasa aina za vishazi. Hapa usikariri neno la mwanzo, angalia kazi. Chukua "where she works":

"I know where she works." Weka "it" mahali pake, sentensi inasimama. Kishazi nomino.

"The shop where she works is closed." Kinaeleza duka gani. Kishazi kivumishi.

"I eat where she works." Weka "there". Kishazi kielezi.

Aliyekariri kwamba "where" ni kielezi tu atakosa mara mbili kati ya tatu.

Virai navyo ni vivyo hivyo, na hapa Kiswahili kinasaidia kweli. "The man with the red cap" ni mtu mwenye kofia nyekundu: kirai kivumishi. "He covered his face with the red cap" ni alifunika uso kwa kofia nyekundu: kirai kielezi. Ukisikia "mwenye", kirai kinaeleza nomino. Ukisikia "kwa", kinaeleza tendo lilivyofanyika.