Kona ya Maswali: Mechi Nne Tu, Kocha Mshamchoka?

Wiki hii meseji zimekuja za makocha tupu, yani ligi zikianza tu kila mtu anakuwa na leseni ya ukocha. Waliouliza mambo ya salfa na ubwiriunga wa mikorosho mtanivumilia, zamu yenu inakuja. Nimechukua nne, moja nimeijibu kwa urefu kidogo maana ndo imebeba za wengine wengi.

SWALI: Shikamoo anko. Mi nipo Chikongola hapa Mtwara mjini, mpira naangaliaga kibanda umiza. Timu yangu ya Uingereza siitaji maana kibandani watajua ni mimi, ila tumeletewa kocha mpya mzee wa kushambulia, mechi nne tumefunga tisa tumefungwa saba, tumeshinda mbili, sare moja, moja tumepigwa. Sa hapa tumegawanyika, wengine wanasema huyu ndo tulikuwa tunamsubiri hata tukifungwa angalau tunaona mpira, wengine wanasema atatushusha daraja, na mjomba wangu yeye alishatoa hukumu dakika ya 20 ya mechi ya kwanza. Mwenye kibanda anasema yule wa zamani alikuwa anapaki basi, yani watu wote nyuma, lakini yeye mwenye kibanda presha ilikuwa haimpandi. Ivi mechi nne zinatosha kumjua kocha? Na mtu uangalie nini, maana kila mtu ana lake.

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kwa matokeo hazitoshi, ila tabia ya timu utaanza kuiona, na tabia ndo inakuja kuleta matokeo huko mbele. Tatizo la pale kibandani ni kwamba wote mnaangalia timu ikiwa na mpira. Pasi kumi, winga kamzunguka mtu, krosi, makelele, mtu kamwaga kahawa. Mi nakwambia mechi ya tano ufanye kituko kimoja, mpira ukipotea usiufuate mpira kwa macho, angalia nyuma. Mabeki wa pembeni wako wapi? Kwa makocha wa kushambulia mara nyingi wote wawili wameshapanda juu, kwaiyo wamebaki mabeki wawili wa kati kwenye mstari wa kati wa uwanja na eneo la nyuma yao lote liko wazi kama bahari ya Mikindani asubuhi. Sa nani anawalinda? Kuna namba sita, yani kiungo mkabaji, amebaki au naye amekwenda kutafuta goli? Na yule winga aliyepoteza, anarudi kukaba pale pale au anashika kiuno anamlalamikia refa? Hapo kwenye sekunde tano sita za kwanza ndo unamuona kocha. Kushambulia kila mtu anaweza kuwaambia watu wapande, hata mi naweza, kazi ni mmepanda halafu mpira haupo kwenu.

Nikupe mfano. Kocha Ange Postecoglou alipofika Tottenham msimu wa 2023/24, mechi 10 za kwanza za ligi hakufungwa hata moja, alishinda 8 sare 2, pointi 26, anaongoza ligi ya Uingereza. Hukumu ikatoka dunia nzima kwamba jamaa ni moto. Ikaja mechi ya 11 tarehe 6 Novemba na Chelsea, nyumbani kwake. Beki wake Romero akapewa nyekundu, Udogie naye nyekundu, wamebaki tisa, na bado mabeki wamesimama karibu na mstari wa kati! Kipa anatoka nje ya boksi kama beki. Wakafa 4-1, Jackson wa Chelsea akafunga matatu akaondoka na mpira wake. Kuna watu usiku ule walimpigia makofi kwa ujasiri na wengine wakasema hana akili, na mpaka leo ukitaka ugomvi kwenye kijiwe chochote anzisha hiyo mada. Lakini mi nilichojifunza pale ni kwamba ile mechi haikubadilisha kitu, laini ya mabeki ilikuwa juu toka mechi ya kwanza, ni vile ilikuwa haijapata wa kuiadhibu. Baada ya hapo mechi nne zilizofuata wakaambulia pointi moja. Msimu wakamaliza wa tano, ambayo sio mbaya. Msimu wa pili wakamaliza wa 17, ambayo ni mbaya sana, ILA wakabeba Europa League pale Bilbao kwa kuifunga Manchester United 1-0, kombe lao la kwanza tangu 2008, na kama wiki mbili hivi baadaye kocha akafukuzwa. Sa hapo mjomba wako mwenye hukumu ya dakika 20 mwambie akae aichambue hiyo.

Na upande wa pili upo. Arsenal ya kocha Arteta ilianza msimu wa 2021/22 kwa mechi tatu, imefungwa tisa, haijafunga hata moja, iko mkiani kabisa. Brentford 2-0, Chelsea 2-0, Manchester City 5-0. Ungepita kibandani kwako muda ule wangeshamwandikia tiketi ya basi. Lakini washambuliaji wengine hawakuwepo, wachezaji wapya ndo kwanza wanaingia, na wapinzani wawili kati ya hao watatu ni mmoja bingwa wa Ulaya mwingine bingwa wa Uingereza. Walimaliza wa tano. Kwaiyo kabla hujasema lolote uliza kwanza amecheza na nani na nani hakuwepo, hilo watu wanaruka kabisa.

Guardiola mwenyewe pale City 2016 alishinda mechi sita za kwanza za ligi, watu wakasema ligi imeisha, akamaliza wa tatu bila kombe lolote. Shida yake haikuwa mbele. Mabeki wake wa pembeni wote walikuwa washavuka miaka 30 na yeye anawataka wapande washuke kutwa nzima, na kipa aliyemleta, Bravo, hakutulia. Dirisha lililofuata akanunua kipa na mabeki wa pembeni, watu wakacheka kwamba hela zote anapeleka nyuma, wakapata pointi 100 na magoli 106. Yani ukitaka kujua kama kocha wa kushambulia atafika mbali nenda kaangalie ana kipa gani na mabeki wa pembeni gani, straika mwangalie mwisho.

Turudi kwako. Hayo magoli saba mliyofungwa, kaa na hao wenzio mkumbushane moja moja yalikujaje. Kama moja la kona, moja penati, moja beki kateleza, lingine shuti la mbali, hiyo ni ajali za mwanzo wa msimu zinaisha. Kama matano yote mmepigwa mpira mrefu nyuma ya beki wa kushoto, hapo kuna ugonjwa, halafu sasa swali ndo linakuja, mechi ya tatu na ya nne alifanya kitu? Alimzuia yule beki asipande, alimwongeza mtu pale kati, au kaendelea vile vile tu akasema ndo falsafa yake? Kocha anayerekebisha mechi ya tatu mi nampa mpaka Januari nikiwa nimelala usingizi. Asiyerekebisha hata akishinda 5-4 namwangalia kwa jicho moja. Na yale tisa mliyofunga muyapige msasa hivyo hivyo, kama ni penati tatu na matatu mmewafunga wenye watu pungufu, hapo hamjaona mashambulizi bado.

Halafu msimu unaanza Agosti mpwa wangu, mwezi wa mikorosho kuchanua. Wewe mtu wa Mtwara sijui nani alikufundisha kuhesabu magunia kwenye maua.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni mdada wa Lindi, Mnyama damu, yani Simba, shemeji yangu Mwananchi, yani Yanga, na tunaishi nyumba moja kwaiyo unaelewa mateso yangu. Tunabishana kuhusu 2023, yeye anasema Simba tulimuonea kocha Robertinho maana alikuwa anashinda tu na mashabiki tulikuwa tunamnung'unikia toka mwanzo. Mi nasema tuliona mbali. Nani mkweli?

JIBU: Salama dada. Nyote mna haki nusu nusu, na najua jibu hili halitasaidia amani ya hiyo nyumba.

Ni kweli alikuwa anashinda. Msimu wa 2023/24 Simba ilicheza mechi sita za ligi ikashinda zote sita, pointi 18, na Ngao ya Jamii alikuwa ameshaichukua kule Tanga kwa penati mbele ya hao hao Yanga. Na ni kweli mlikuwa mnalalamika, nakumbuka kijiwe chetu, timu imeshinda 2-1 watu wanatoka wamenuna kama wamefiwa, wanasema hili sio pira, tunashinda kwa kudra. Nilikuwa nawaona wendawazimu. Ikaja tarehe 5 Novemba na Yanga, mapumziko 1-1, kipindi cha pili mkala nne, 5-1 kwa Mkapa. Siku mbili baadaye kocha hana kazi.

Mlichokiona nyie mashabiki ni kwamba timu ikipoteza mpira inakatika vipande viwili, mbele kuna watu wanatembea na nyuma kuna watu wanakimbia. Mliona sawa. Ihefu na Singida walipita humo humo wakapata kimoja kimoja, Yanga wakapita na watu wengi zaidi na wenye kasi zaidi. Kwaiyo hapo umemshinda shemeji. Ila shemeji naye ana lake, wale waliokuwa wanalalamika wengi walikuwa wanataka vyenga na pasi nyingi, pira biriani lirudi, hawakuwa wanasema ongeza mtu pale kati. Ugonjwa waliupatia, dawa wakachukua ya jirani.

Na mwambie huyo shemeji asijisahau, Yanga ya kocha Gamondi msimu ule ule ilianza na 5-0 kwa KMC na 5-0 kwa JKT, watu wanaimba, halafu wakaja vijana wetu wa Namungo toka Ruangwa, wakajaza watu nyuma na Yanga wakahangaika mpaka dakika za mwishoni ndo Mudathir akapata kimoja. Na mechi iliyofuata ya ligi Ihefu wakawapiga 2-1. Ubingwa walibeba, lakini Namungo walishaonyesha mapema kwamba nafasi ikibanwa lile jeshi nalo linatokwa jasho. Sisi wa kusini hatusifiwi kwa hili, nimeamua kujisifia mwenyewe.

SWALI: Kocha mwenzangu, mi nafundisha timu ya kijijini huku Nachingwea, nimekuja na mfumo wa kuanzia mpira nyuma kwa kipa, pasi fupi fupi tunapanda. Tumefungwa mechi mbili na magoli matatu tumejifunga kwa pasi zetu wenyewe, wazee wa timu wanataka kikao. Niendelee au niache?

JIBU: Mi sio kocha mwenzako, mi mshika kalamu tu, ila pole. Kocha Frank de Boer alifanya hayo Crystal Palace ya Uingereza 2017, mechi nne za ligi hana goli hata moja, ya nne walifungwa kwa pasi ya kurudisha nyuma mechi haijafika hata dakika ya tano, wakamtimua. Aliyemrithi, Hodgson, naye akaanza kwa kupoteza tatu bila goli, lakini alikuwa hawatoi jasho wachezaji kwa vitu wasivyoviweza na wakamaliza wa 11. Na wale uwanja wao ni zulia.

Kwako uwanja una mawe na kisiki. Pasi inadunda, kipa anashindwa kuutuliza, straika wa mpinzani yuko hatua tatu. Kipa apige mrefu mpaka upande wa wenzenu, halafu huko ndo mcheze pasi fupi zako, na mkipoteza mkabe huko huko maana ukipoteza mita 60 toka golini kwako unapata muda wa kujipanga. Ni kushambulia kule kule ila umehamisha sehemu ya hatari. Kwenye kikao nenda na hilo, usiende na majina ya makocha wa Ulaya, wazee watakuona unawatukana.

SWALI: Anko niko Tandahimba, nimeona timu yenye kocha mpya anashambulia sana, nataka niweke hela ya korosho ya mnada wa kwanza kwenye mkeka wa kubeti, magoli matatu kwenda juu mechi tano mfululizo. Unashauri?

JIBU: Hapana.

Ya mwisho haikuwa swali rasmi, ni mama mmoja wa Mikindani amelalamika kwamba mumewe tangu ligi ianze anaongea kwenye simu usiku "beki tatu ndo atatuokoa, beki tatu akipanda hatari", na yeye nyumbani kwake kuna binti wa kazi, ambaye mtaani ndo anaitwa beki tatu. Mama, tulia kwanza, huko kwenye mpira beki tatu ni mabeki watatu wa kati, wa pembeni wawili wanakuwa kama mawinga, kocha Amorim aliwachezesha hivyo Manchester United msimu wa 2024/25 wakamaliza wa 15. Muulize mumeo swali moja tu, wa pembeni wakipanda nani anabaki kulinda. Akijibu haraka ni mpira. Akisita, nitumie meseji nyingine.