Bao la kwenye simu lisinihesabie kete

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama mchezo wa jadi, ukishahamishiwa kwenye simu au kompyuta, unabaki kuwa mchezo uleule. Mimi nimecheza ya aina zote mbili tangu nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari Tanga, bao na karata barazani, gemu za mpira katika vibanda vya kulipia kwa dakika, na leo nyumbani nina kompyuta, seti ya Catan, mchezo wa mezani, na bao la mninga. Jibu langu ni kwamba inategemea kazi ya mchezo imekaa wapi, na kwa kuwa bao ndilo ninalolijua zaidi, nitajibu kwa kupitia bao.

Ninaposema kazi ya mchezo nina maana ya lile jambo ambalo mtu akifanyiwa na mwingine, basi hakucheza yeye. Katika gemu ya mpira kazi hiyo imo vidoleni. Katika Civilization, gemu ya kompyuta ya Sid Meier iliyotoka mwaka 1991, kazi imo katika uamuzi, kwamba mji huu ujenge ghala au ukuta, na jirani huyu apigwe vita au apewe amani. Hesabu za chakula, kodi na majeshi hufanywa na mashine, wala mchezaji hapungukiwi na kitu. Ulikuwapo mchezo wa mezani wenye jina hilohilo, uliobuniwa na Francis Tresham wa Uingereza na kutoka mwaka 1980, ambao huweza kumeza siku nzima kwa sababu kila hesabu hufanywa kwa mkono. Hapo naona kompyuta imetufaa.

Bao halimo katika kundi hilo, kwani katika bao hesabu ndiyo mchezo wenyewe. Wenye kulicheza wanajua, ila kwa wasiolijua nieleze kidogo: ubao una safu 4 za mashimo 8, na kete ni 64, kila mchezaji 32. Katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na 22 mkononi, naye hutia moja moja kila zamu yake inapofika. Zikiisha mkononi huingia mtaji, hatua ya pili, ambapo huchezwa kete za ubaoni tu. Unapokula, yaani unapochukua kete za shimo la mpinzani, unazisambaza upande wako kuanzia kichwa, shimo la mwisho la safu yako ya mbele, kushoto au kulia, na kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete nyingine unakula tena au unaendelea kuzunguka, mpaka iangukie shimo tupu na kulala. Mchezaji mzuri huuona mzunguko wote huo kichwani kabla hajagusa kete ya kwanza, na huuona bila kuhesabu kwa kidole, ilhali kete zimerundikana na za juu zinazifunika za chini. Ni lazima akumbuke kwamba shimo lile la nyuma lilikuwa na 4, likaongezwa 1, kisha likapitiwa tena.

Sasa angalieni jinsi bao linavyowekwa kwenye simu. Juu ya kila shimo imeandikwa namba. Ukigusa shimo moja, kete zinajisambaza zenyewe kwa nukta chache, zinakula, zinazunguka, zinalala, na wewe unaoneshwa matokeo. Aliyetengeneza hivyo alitaka kumrahisishia mchezaji, na nia yake naiheshimu, lakini alichokiondoa ndicho hasa kilichokuwa kinachezwa. Ni kama kumpa mwanafunzi wa hesabu karatasi ya mtihani iliyokwisha kujazwa majibu.

Nimeliona hilo nyumbani kwangu. Mpwa wangu, kijana mwenye akili nyepesi kuliko yangu ya umri huo, alijifunza bao kwenye simu kwa miezi kadhaa akawa anaishinda mashine kila jioni. Siku moja aliniambia, "Mjomba, nipeleke barazani nikacheze na wazee." Nikampeleka. Kanuni zote alizijua, hata ile ya kimbi, mashimo mawili ya kila ncha ya safu ya mbele, ambayo wengi huchelewa kuielewa, kwamba ukila ukiwa kwenye kimbi huna hiari ya kuchagua kichwa cha kuanzia. Hata hivyo, zamu yake ya tatu alijikuta hajui nyumba ya mzee ina kete ngapi, kwa kuwa hakuna siku aliyowahi kulazimika kujua. Mzee alimngoja kwa upole, kisha akamla. Kijana hakuwa na kosa. Alifundishwa mchezo mwingine wenye ubao unaofanana na huu.

Kwa hiyo ninachokitaka si bao liondolewe kwenye simu, bali litengenezwe na watu waliokaa barazani. Namba zifichwe. Mchezaji asambaze kete yeye mwenyewe, moja moja, kwa kidole, na akikosea programu imrudishe mahali alipokosea, kama mwalimu anavyomshika mkono mwanafunzi wa bao la kujifunza. Lugha nayo iwe yetu, namua, mtaji, kutakata (kusambaza bila kula), kichwa na kimbi, si maneno ya kuazima. Civilization toleo la nne, mwaka 2005, ilifunguliwa kwa wimbo wa "Baba Yetu" wa mtunzi Christopher Tin, wenye maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza kutungiwa gemu na kupata tuzo ya Grammy. Wageni wengi waliyaimba maneno yetu bila kujua maana yake. Anayecheza bao angeyajua kwa kuyatumia.

Lakini lililo kubwa kuliko yote, na ambalo ubao wa mninga hauwezi kunifanyia, ni kumbukumbu. Katika sataranji, mchezo ambao Anderssen alimshinda Kieseritzky mjini London mwaka 1851 unaweza kurudiwa leo na mtoto wa shule, hatua zote 23, kwa sababu uliandikwa. Ndiyo maana kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1997, sataranji haikufa. Wachezaji walikuwa na maandishi ya kulinganisha na ya kusomea, nao wakaigeuza mashine kuwa mwalimu. Bao letu tumeliacha vichwani mwa watu. Na wala si gumu kuliandika, maana hatua moja ya bao, hata ikizunguka ubao mara tano, inahitaji kuandikiwa mambo matatu tu: shimo lililoanza, upande ulioelekea, na kama nyumba ilisafiri, yaani kete zake zilichukuliwa zikasambazwa, au ililala, yaani zamu iliishia hapo. Mengine yote yanafuata kanuni. Simu inaweza kuyahifadhi hayo bila mtu kuinua kalamu, hata wazee wawili wakiwa wanacheza ana kwa ana huku mjukuu akiziingiza hatua zao pembeni.

Ningekuwa na simu ya namna hiyo mwaka 1998, ningekuwa na mchezo ambao baba yangu mkubwa, aliyenifundisha bao, alimfunga fundi mmoja wa bao aliyetoka Pangani, mbele ya baraza iliyojaa. Nilikuwa nimeketi nyuma ya bega lake. Nakumbuka alitia kete yake upande wa kushoto, akala, ya mwisho ikaangukia nyumbani kwake, akatulia kidogo, kisha akaamua nyumba isafiri. Zilikuwamo kete 13 au 14. Nimejaribu mara nyingi kuupanga ubao ule upya, na mpaka leo safu ya nyuma ya yule fundi hainijii.