Kwa fundi mpya wa rada: anza na fezi

Siku yako ya kwanza kituoni, mwombe anayekufundisha akuonyeshe picha ghafi, kabla ya kichujio cha vitu vilivyotulia. Itazame bila haraka. Utaona milima, majengo, minara ya simu, na ndani ya weupe huo imo ndege. Mwangwi wa mlima waweza kuwa na nguvu mara maelfu kuliko wa ndege. Rada ingekuwa inachagua kwa nguvu ya mwangwi, ingetuletea mlima kila siku.

Inachotazama ni fezi, yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Inatuma pigo fupi la mawimbi ya redio, inapokea mwangwi, inatuma pigo jingine, kisha inalinganisha miangwi iliyotoka umbali uleule. Mlima haujasogea, kwa hiyo fezi ni ileile. Toa mmoja kwa mwingine, hakibaki kitu. Ndege imesogea. Chukua mapigo 1,000 kwa sekunde na ndege inayokuja kwa mita 70 kwa sekunde: kati ya pigo na pigo imesogea sentimita 7 tu. Lakini wimbi la rada nyingi za viwanja vya ndege ni la sentimita 10 hivi, na safari ni ya kwenda na kurudi. Fezi imegeuka vya kutosha, na ukitoa, ndege inabaki.

Hesabu hii ifanye kwa kalamu mpaka uizoee, maana ndiyo inayofichua mtego. Ndege ikisogea nusu ya wimbi kamili, sentimita 5, kati ya pigo na pigo, kwenda na kurudi kunakuwa wimbi zima. Fezi inarudi ilipokuwa, na rada inaifuta ndege pamoja na mlima! Hiyo ni kilomita 180 kwa saa, kisha 360, kisha 540, kasi ambazo ndege huruka kila siku. Ndiyo sababu nafasi kati ya mapigo hubadilishwa-badilishwa: inayojificha kwa mpangilio mmoja huonekana kwa mwingine. Ukiuzima mpangilio huo wakati wa majaribio, usiondoke kabla ya kuurudisha.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza karibu siku nzima nikipima kipokezi kisicho na kasoro yoyote, kwa sababu ndege ilikuwa ikipotea upande mmoja wa skrini. Kumbe hapo ilikuwa inapita kiubavu: haitukaribii, haitukimbii. Fezi hugeuzwa na mwendo wa kuja au kwenda tu. Tangu hapo, kabla ya kugusa bisibisi nachora njia ya ndege.

Rada za kisasa zina dawa ya hilo, wazo lililoendelezwa MIT Lincoln Laboratory, maabara ya utafiti ya Marekani, miaka ya 1970: kwa kila kipande cha eneo, mashine hukumbuka nguvu ya mwangwi wa kawaida, hivyo ndege inayopita kiubavu juu ya eneo tulivu huonekana kwa kuizidi kumbukumbu hiyo. Juu ya mlima bado ni shida.

Mvua nayo itakusumbua, kwani upepo huisukuma, hivyo kasi yake si sifuri kama ya mlima. Msimu wa masika ukianza, kaa na waongozaji wa ndege zamu nzima uone wanachokiona wao.