Samoni na ujauzito: ule utando mweupe usikutishe

Dada, umeandika kwamba una mimba, na kwamba ulimtupa samoni wako baada ya kuona utando mweupe ukadhani ameoza. Hongera kwa ujauzito, na pole kwa samaki wako. Huo utando mweupe uliouona ukimkaanga samoni si dalili ya kuoza. Ni protini; moto ukizidi, nyama hujikaza na kuikamua nje. Mimi pia mwanzo nilimkaanga kama samaki aina ya changu, kwenye mafuta mengi ya moto, akakauka hadi hamezeki.

Samoni ana mafuta yake. Mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mweke ngozi chini, moto wa wastani, usimguseguse. Ameiva akimeguka kwa uma na katikati hang'ai tena. Ukiwa na kipimajoto, katikati yake ifike 63°C. Mimi humalizia kwa tui zito, hapo ndipo utamu ulipo.

Zebaki yake, ile metali yenye sumu inayopatikana ndani ya samaki, ni kidogo, kwa hiyo mara mbili kwa wiki hakuna shida. Ila samoni mbichi wa sushi, na yule wa moshi anayeuzwa kwenye friji, waache mpaka ujifungue. Wanaweza kubeba bakteria wa listeria, ambao humfikia mtoto tumboni. Kama ulishamla kisha ukapata homa au mwili kuuma, mpigie mkunga wako siku hiyo hiyo.