Usimfute mtu kwa tarehe ya RB

Vijana mliojiunga kulinganisha miili isiyotambuliwa na orodha za waliopotea, karibuni. Ari mnayo. Ila majedwali yenu yanatutoa jasho, maana makosa ni yale yale ya waliowatangulia, nasi tukiwemo.

1. Tarehe. Hapa tuliumbuka sote, basi tuungame. Jedwali lina safu ya kuopolewa na safu ya kuripotiwa. Mgeni anachuja: aliyeripotiwa baada ya mwili kupatikana anafutwa, kwani mtu hafi kabla hajapotea. Hesabu safi, na ya kijinga. Tarehe ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi, ni siku ndugu alipofika kituoni. Chukua mvuvi wa dagaa aliyetoka Magu kwenda kambini kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria. Nyumbani wanajua yuko ziwani, na simu ya kisiwani ni ya kubahatisha. Tajiri wake anadhani kahamia kambi nyingine, maana wavuvi huhama bila kuaga. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, ndipo mama anamtuma mdogo wa huyo mvuvi aende kuuliza. Mwili umeopolewa Machi 3, RB imeandikwa Mei 20, na sisi na kichujio chetu tumeshamtupa. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayerudi kukagua waliofutwa. Jina lenye utata litakusumbua hadi ulichunguze. Lililofutwa halikusumbui kamwe.

Kwa hiyo andika tarehe tatu: alipoonekana mwisho, alipowasiliana mwisho, aliporipotiwa. Chuja kwa ya kwanza, tena kwa kuacha nafasi ya wiki kadhaa. Na ndugu akikwambia "tangu giza la kabla ya Pasaka", usiandike "haijulikani". Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Fungua kalenda ya mwezi, utaipata wiki yenyewe.

2. Mahali. Mwili huzama, kisha gesi ya kuoza huuinua. Kwenye maji ya vuguvugu ya ziwa letu ni suala la siku chache, kwenye kina kirefu huchelewa. Ukishaelea, upepo ndio nahodha. Ziwa ni la nchi tatu, tafuteni na Kenya na Uganda.

3. "Mweupe, mnene" katika maelezo ya mwili uliotoka majini msiyaamini. Gesi humvimbisha mwembamba, na ngozi ya juu ikichubuka huacha ya chini iliyopauka. Mweusi tii anaandikwa mweupe.

4. Nguo. Mitumba, jamani! Fulana ya chuo cha Marekani imenunuliwa mnadani, na kambini watu huazimana mashati. Kovu na meno vina uzito zaidi. Mzee asiye na meno sita ya mbele ya chini, kabla hujaandika "kibogoyo", kumbuka mila ya zamani ya Wajaluo ya kung'oa meno hayo.

5. Urefu. Makadirio ya mfupa wa paja yanaweza kupotoka sentimita 4 hivi juu au chini, hata fomula ikiwa sahihi. Urefu anaoutaja ndugu nao ni "ananifika hapa", mkono begani. Sasa unamfuta mtu kwa tofauti ya sentimita 5?

6. Majina. Malimi na Marimi ni mtu mmoja hadi ithibitike vinginevyo. Ng'washi utamkuta kama Ngwashi, Nwashi, hata Mwashi, kutegemea nani alishika kalamu. Kambini hajulikani kwa jina la kadi, anajulikana kwa la utani. Uliza hilo kwanza.

7. Kufanana si kutambuliwa. Alama za vidole, meno na DNA ndivyo vinavyotambua, na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ina alama za vidole za waliojiandikisha, ila ombi hilo ni la polisi, si lako. Kazi yenu ni karatasi moja kwa mpelelezi: namba ya RB, namba ya mochwari, tarehe zile tatu, yanayolingana, na yasiyolingana. Hayo ya mwisho mnayaficha sana. Msimpigie mama wa mtu. Na atakayerusha picha ya maiti kwenye grupu la WhatsApp anatoka siku hiyo hiyo.