Je, Adamu alisikia vibaya?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mhubiri mgeni alitufundisha Warumi 5:19, pale Paulo anaposema kwamba kwa kuasi kwake mtu mmoja watu wengi waliingizwa katika hali ya wenye dhambi. Alisema neno la Kigiriki hapo ni parakoe, na maana yake halisi ni "kusikia vibaya". Kwa hiyo Adamu hakuasi, ila hakuelewa alichoambiwa. Wengine walifurahi, mimi nimebaki na maswali. Je, ni kweli? Na ndilo neno lililoko Waefeso 2:2, "wana wa kuasi"? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Marahaba. Neno ni hilo, hapo mhubiri hakukosea. Parakoe linatokana na para, "kando", na akouo, "nasikia", na Wagiriki wa kale waliweza kutumia kitenzi chake kwa mtu aliyesikia jambo kombo. Shida ni hatua iliyofuata. Nimewafundisha wainjilisti Kigiriki kwa miaka mingi, na karibu kila darasa huwa na mwanafunzi anayelipasua neno vipande viwili, akavijumlisha, akatoka na fundisho jipya. Maana ya neno huonekana pale watu wanapolitumia.

Fungua Esta 3. Mordekai hataki kumsujudia Hamani, na watumishi langoni wanamwuliza kwa nini anaihalifu amri ya mfalme. Katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, kitenzi chao ni parakoueis, ndugu wa damu wa parakoe. Mstari wa 4 unasema waliongea naye kila siku. Mordekai aliisikia amri hiyo hadi akaizoea, na hakutaka! Tazama pia Mathayo 18:17: ndugu ameonywa faraghani, akaonywa mbele ya mashahidi, kisha "asipowasikiliza wao", na "asipolisikiliza kanisa pia". Ni kitenzi hicho hicho, mara mbili katika mstari mmoja. Mtu aliyeonywa na wote hao ameelewa.

Sisi Waswahili hatukupaswa kuhangaika na neno hili. Mama akisema "mtoto wangu huyu hasikii", hakuna jirani atakayemshauri ampeleke kwa daktari wa masikio.

Sasa rudi bustanini. Adamu aliagizwa mwenyewe, Mwanzo 2:16-17. Katika 3:3 mwanamke anamtajia nyoka katazo lile, tena anaongeza "wala msiyaguse". Aliyesikia vibaya yuko wapi? Halafu soma 3:17 polepole, maana mimi nikifika hapo husimama: "Kwa kuwa umeisikiliza sauti ya mke wako, ukala matunda ya mti ambao nalikuagiza, nikisema, Usiyale". Mungu hamlaumu Adamu kwa kutosikia. Alisikia sauti mbili, akaifuata moja, na ile iliyomwagiza akaiweka kando. Hiyo ndiyo parakoe.

Ndiyo maana jambo hili si la wasomi peke yao. Katika Warumi 5:19 Paulo anaweka mbele ya parakoe ya Adamu neno hypakoe, "kutii", la Kristo, nalo pia limetoka katika akouo. Ukisema Adamu alikosea tu kusikia, umemfanya Mungu amhukumu mtu asiye na hatia, na utii wa Kristo unakuwa dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Sikubali tuwafundishe hivyo watu wanaokuja kanisani na mizigo yao.

Kuhusu Waefeso 2:2, hilo ni neno jingine, apeitheia. Lina uhusiano na peitho, kushawishi: ni ukaidi wa mtu anayekataa kushawishika. Liko karibu sana na kutokuamini. Katika Waebrania 3:18 wale "walioasi" jangwani wametajwa kwa kitenzi chake, na mstari wa 19 unasema hawakuingia "kwa sababu ya kutokuamini kwao". Kitenzi hicho kiko pia Yohana 3:36, ambapo Biblia yetu ya Union inasema "asiyemwamini Mwana", na Habari Njema inasema "asiyemtii Mwana". Wengi wameniuliza ipi imekosea. Hakuna iliyokosea.